Nukta ya Kumi na Saba

Mwalimu Ondiege aliiandika ubaoni Ijumaa:
Kadiri mtalii atokavyo mbali, ndivyo akaavyo zaidi.
Akaipigia mstari, akasema hii ni nadharia tete,
na nyuma ya darasa Nafuna akanong'ona,
tete, kama kuku anayetetea
na yai bado halijaonekana.

Jumamosi saa mbili tulikuwa Kit Mikayi,
jiwe la mke mkubwa, yule asiyehama.
Hojaji arubaini, penseli tatu,
kofia za shule zisizoziba jua la Seme.
Mawe yamepandana
kama mizigo iliyopangwa na mtu mwenye haraka
na bado hayajaanguka.

Swali la kwanza: Umetoka wapi?
Swali la pili: Utakaa hapa muda gani?
Umbali tungeupima jioni
kwa atlasi ya shule na kamba ya kiatu changu.

Bwana wa Bergen, shingo imeiva kwa jua,
kilomita elfu saba:
akapiga picha, akanywa maji, akatazama saa.
Dakika arubaini. Dereva hakuzima injini.
Maharusi wa Mwanza: saa moja na nusu,
na hiyo nusu ni ya kutafuta kiatu cha bibi harusi.
Mhasibu wa Eldoret alituuliza sisi
kama kuna mtandao,
kisha akajibu: basi, naondoka.

Halafu pangoni, kwenye ubaridi wa mwamba,
Peninah Achola, mishumaa miwili,
chupa ya maji isiyofunguliwa.
Umetoka wapi? Kombewa. Kwa miguu.
Utakaa muda gani?
Hakujibu upesi.
Leo ni siku ya tatu, akasema,
na sijasikizwa.
Lengo la ziara: burudani, biashara, masomo, mengineyo.
Alichukua penseli mkononi mwangu
akatia alama penye mengineyo,
akaikoleza hadi karatasi ikatoboka.

Huyu si mtalii, akasema Nafuna tukishuka.
Kitabu kinasema mtalii hulala nje ya kwake.
Amelala, nikasema. Mara mbili. Juu ya jiwe.
Methali nayo ilishapima muda wa mgeni,
siku mbili, ya tatu jembe,
ila haikuuliza alitembea kiasi gani
wala kama jembe hilo
amelishika tangu utotoni.

Zilijazwa kumi na saba tu. Tukachora grafu.
Umbali ulalo, muda wima.
Kwa ajili ya mmoja, wote wakalala chini
kama mtama uliomwagika sakafuni,
na yeye juu kabisa, kushoto,
ameung'ang'ania mstari wa wima.
Mwalimu akaiita nukta potovu.
Mnaweza kuifuta, alisema, mtihani hautaiuliza.
Nafuna alishika raba.

Usiku, nyuma ya daftari, nilichora grafu nyingine
isiyo ya kusahihishwa.
Kaka yangu Okelo, kutoka Doha:
kamba ilivuka Ghuba ikashuka hadi Kisumu,
elfu tatu na ushei.
Muda: siku tisa,
mbili za foleni ya pasipoti,
moja ya usingizi,
moja mbele ya kaburi la baba, amevaa miwani ya jua
na mvua inanyesha.
Mama: umbali, sifuri.
Muda: hapo karatasi iliniishia.

Jumatatu tuliandika hitimisho.
Nadharia tete imekataliwa.
Sababu: sampuli ndogo, mvua ya saa tisa,
madereva wenye haraka.
Nukta ya kumi na saba ipo.
Nilimwambia Nafuna raba ni yangu, nikaitia mfukoni.

Kamba nimeirudisha kiatuni
na alama zake za wino: Bergen, Mwanza, Doha.
Kombewa haikupata alama.
Kwenye atlasi ile
ni fupi kuliko upana wa ncha ya kalamu.